Uliza Bwana Shamba: maji yameenda zake, tope limebaki, tunaanzia wapi?

Barua za safari hii karibu zote ni za mafuriko, nimechukua nne. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake ni refu pia, mnivumilie.

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Mimi ni mama niko upande wa Ikwiriri, Rufiji, nilikua na mabwawa mawili ya sato, kila moja mita 10 kwa 20, na pembeni yake eka moja na nusu ya bustani na mpunga nanyweshea kwa mfereji unaotoka kwenye kijito. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipita juu ya kila kitu, samaki walikua wamebakiza kama mwezi tu tuwavue, wakaenda na maji. Tangu hapo tumehangaika na nyumba na chakula, sasa ndo tunarudi shambani. Bwawa moja kingo imekatika, la pili lina tope mpaka magotini na naona samaki wanaruka humo ila sijui ni wangu au wa mto. Mfereji hata ulipokua hapaonekani. Kikundi chetu kimepata hela kidogo, wenzangu wanasema tununue vifaranga haraka tusichelewe, mume wangu anasema tufukue mfereji kwanza. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mama, poleni sana. Wenzako wamekosea, mzee yeye amepatia nusu. Mfereji ndiyo, ila si ule wa kuleta maji, anza na wa kuyatoa. Nimezunguka skimu nyingi za umwagiliaji baada ya mvua kubwa na kila mahali ni hivyo hivyo, watu wanakimbilia banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, na mfereji mkuu kwasababu huko ndo maji yanatoka, ule wa kutolea nyuma ya shamba unaachwa na magugu, alafu mvua ndogo tu ya kawaida ikija maji yanasimama wiki nzima na wanasema mafuriko yamerudi. Hayajarudi, yamekosa mlango tu.

Kwahiyo siku ya kwanza usishike jembe, tembea. Tafuta sehemu ya chini kabisa ya shamba lako, angalia takataka zilizonasa kwenye miti zimeelekea wapi, hapo ndo maji yalikopitia kutoka na hapo ndo utachimba. Ukishapata pa kutokea, bwawa utalikausha bila pampu na mfereji wa juu utaufukua ukiwa mkavu, kazi inakua nusu.

Sasa hao samaki wanaoruka. Si wako mama, au wako wamebaki wachache wamechanganyika na kambale na perege wa mtoni. Najua inauma kuwatoa lakini ukiweka vifaranga juu ya kambale umenunua chakula cha kambale. Kausha wote, vua, kula, uza. Na kabla mtu hajaingia na wavu wazungushe vijana na fimbo ndefu kwanza mchana kweupe, wewe ni mtu wa Rufiji sina haja ya kukuhadithia habari za mamba. Vaeni gambuti pia, kichocho kinapenda maji yaliyosimama.

Kuna wanaoniambia mbona usivue vidagaa mtoni ukafuga, ni bure. Bure ni kweli, ila mto wenu una perege wake, perege wa Rufiji, na sato waliotoroka mabwawani wanazaana nao, hivyo ukichota mtoni hujui umechota nini, watakuja wakubwa kwa wadogo na watazaana bwawani mpaka uvune samaki saizi ya kidole. Nunua vifaranga dume kwenye kituo kinachoeleweka, ila mwisho, kazi zote zikiisha.

Tope la bwawani usilitupe. Hilo ndo lile lile ambalo wazee wenu walikua wanalisubiri, maji yakishuka wanapanda mahindi ya mlau juu yake bila mbolea hata chembe, mtu amekaa juu kwenye dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu, anafukuza ndege. Likwangue ulimwage bustanini. Ukifika kwenye udongo mgumu wa zamani acha, usiendelee kuchimba, chini yake unaweza kutoboa mchanga na bwawa likawa chujio.

Kingo iliyokatika, hapa ndo watu wengi wanaharibu. Wanajaza udongo kwenye pengo wanapigapiga na koleo wameishia hapo. Udongo mpya haushiki kwenye tope la zamani, maji yatapita katikati kama kisu. Ondoa kwanza ulaini wote mpaka ukute udongo imara, kata ngazi kwenye ncha mbili za kingo iliyobaki, chimba mtaro chini katikati ya pengo, alafu jaza mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 15 mpaka 20, kila tabaka shindilia mpaka kisigino kisizame. Mfinyanzi unaujua, tengeneza donge kama chungwa ulirushe juu ulidake, likipasuka tafuta udongo mwingine. Usichanganye majani wala mizizi, vikioza vinaacha tundu. Juu panda ukoka, miti hapana, na mgomba pia hapana hata kama kila mtu anapanda. Weka na bomba la inchi 4 la kupunguza maji yakizidi, na wavu mdomoni.

Lakini kabla ya hayo yote pima hatua kutoka mtoni mpaka bwawani. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto kwa shughuli za kudumu, na mimi nakwambia hata bila sheria. Jaruba la mpunga likifunikwa unapoteza msimu na unabaki na rutuba. Bwawa likifunikwa hata nusu siku umepoteza kila kitu, kwahiyo bwawa lihesabu kama nyumba. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni kupelekwa juu, ile Operesheni Rufiji, na mashamba wengi wakayaacha huko huko chini wakawa wanayashukia. Wewe hilo bwawa lililokatika kingo kama liko karibu na mto liache, chimba jipya upande wa nyumba hata kama maji yatabidi uyafuate mbali kidogo. Hilo lingine kama liko zaidi ya hizo 60 litengeneze.

Likishakauka mpaka linapasuka nyufa, mwaga chokaa ya kilimo kilo 10 mpaka 20 kwa kila mita 100 za mraba, maana yake bwawa lako kilo 20 mpaka 40. Usichukue chokaa ya kupaka ukuta kwa kipimo hicho, ni kali. Kaa wiki mbili, weka maji kupitia wavu mdogo, weka mbolea ya kuku, subiri maji yawe ya kijani. Zamisha mkono mpaka kiwiko, kiganja kikianza kupotea machoni kwa ukijani basi tayari, ila kikipotea kwa sababu ya tope hiyo haihesabiki, subiri litulie. Hapo sasa ndo hela ya vifaranga, 3 kwa mita ya mraba, yaani 600. Mwambie mzee nimemsalimia.

SWALI: Kaka habari, niko Ifakara. Majaruba yangu ya mpunga yamefunikwa na mchanga mweupe, sehemu zingine unafika gotini. Naambiwa niuze shamba. Ni kweli halifai tena?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, usiuze, anayekushauri uuze muulize kama yeye ndo mnunuzi. Chimba vishimo kama kumi sehemu tofauti upime, mchanga hauwi sawa. Penye chini ya shibiri moja lima kwa kina uuchanganye na udongo wa chini, ongeza samadi, basi. Penye futi moja na kuendelea kulima hakusaidii, maji ya jaruba yatazama yote, utanyweshea kuzimu. Huo unakwanguliwa, na ni kazi ya trekta au msaragambo wa skimu nzima si ya mtu na mkewe. Wakati mnajipanga usiache wazi, weka matikiti, viazi vitamu, vinapenda mchanga. Angalia pia mchanga uliingilia wapi, lazima kuna kingo ya mfereji mkuu imetoboka huko juu, na kama ni kwenye banio la skimu wapelekeeni ofisi ya umwagiliaji mkiwa kikundi, ukienda peke yako utaambiwa andika barua.

SWALI: Hujambo mwalimu. Mimi ni mkulima wa Garsen, Tana River. Maji ya mto yalifunika jenereta ya kunyunyizia shamba, hiyo pampu ya petroli, ikakaa siku nne. Kijana wangu anataka kuistua ione kama itawaka. Nimwache?

JIBU: Sijambo, mkataze leo leo. Kuna maji juu ya pistoni, na maji hayabanwi, akivuta kamba kwa nguvu anaweza kuharibu chuma ndani. Osha tope nje kwanza. Toa plagi, vuta kamba taratibu maji yaruke yatoke. Mwaga petroli yote, mwaga oili yote, safisha kabureta, badilisha au kausha filta ya hewa. Tia oili mpya ya bei ya chini, washa dakika chache, izime, mwaga tena, na oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa rudia, mimi moja niliirudia mara tatu. Upande wa pampu yenyewe fungua utoe mchanga, mara nyingi sili imekwaruzika na itavuja, ni kitu kidogo nunua. Ingekua ni ya umeme ningesema usiiguse kabisa, mpelekee fundi aikaushe na kuipima.

SWALI: Nimesikia ukimwaga chumvi bwawani baada ya mafuriko magonjwa ya samaki yanaisha, ni kweli? Bwawa langu ni mita 200 za mraba.

JIBU: Chumvi ni dawa nzuri, tatizo ni hesabu. Bwawa lako likiwa na kina cha mita moja lina lita 200,000, na ukitaka gramu 5 kwa lita unahitaji tani nzima, magunia 20 ya kilo 50, na hayo maji ukiyafungulia bustanini mchicha wote kwaheri. Itumie kwenye ndoo, gramu 100 kwa lita 20, uwaogeshe vifaranga kabla ya kuwaachia, na ukiona wanalala ubavu watoe haraka.