Mashemeji wanataka Krismasi loji, mama mkwe kagoma kutoka kihambani

Mdogo wangu wa Marangu, barua yako nimeipata na nimeisoma yote. Kwa faida ya wasomaji wengine naifupisha kidogo. Umeolewa na kitinda mimba, mnaishi kihambani, yani kwenye shamba la migomba la ukoo, na mama mkwe, na kila Desemba ukoo mzima unashukia kwenu kutoka Dar, Arusha na Dodoma, magodoro mpaka koridoni na wewe jikoni toka alfajiri. Mwaka huu shemeji mkubwa kapata nyumba ya mbao ya kukodi huko juu karibu na geti la hifadhi ya Kilimanjaro, 450,000 kwa usiku, wakae usiku 4, jumla 1,800,000, familia sita kila moja itoe 300,000. Mumeo hana hiyo hela, anataka kukopa kwenye kikoba. Wifi yako kaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba asiyechanga asije kusumbua watu. Na mama mkwe kasema yeye habanduki, atabaki na ng'ombe wake. Unauliza ushike lipi.

Ya kikoba nakataa kabisa. Januari inakuja na sare, madaftari na michango ya shule, halafu nyie mkope kwa riba mkalale mahali ambapo ni mwendo mfupi tu wa bodaboda kutoka kitandani kwenu? Hapana mdogo wangu. Hata mumeo akisema ni aibu, mwambie aibu kubwa ni wanakikoba kuja kudai mwezi wa tatu.

Na hiyo ya kugawa kwa familia sio haki, hata kama aliyepanga hakuwa na nia mbaya. Umeniambia shemeji wa Dar anakuja na watu sita, nyie ni wawili na mtoto anayelala katikati yenu. Mtalipaje sawa? Nyumba ina vitanda 20, kwa io kila kitanda ni 90,000, yeye vitanda sita ni 540,000, nyie vitanda viwili ni 180,000, na mkiamua kulala kwenu hamlipi kitu. Watu wakiona hesabu imekaa hivo hawagombani sana, mana kila mtu analipia anachotumia. Chakula kiwe mfuko wake tofauti, na matembezi pia yasiingizwe humo, mana vijana wakitaka kupanda mlima mpaka kituo cha Mandara kwa siku moja wajue kuna kiingilio cha hifadhi na kuna guide, hiyo bibi na watoto wadogo haiwahusu.

Ila hesabu hii usiipeleke wewe. Wewe ni mkamwana, ukiandika hata maneno mazuri namna gani kwenye lile grupu itasomwa kwamba mke wa mdogo wao anawapangia. Mumeo ampigie kaka yake simu, wawili tu, sio kwenye grupu, amwambie kaka mimi 300,000 sina, naomba tugawe kwa vitanda na mimi na mke wangu tutalala nyumbani na mama. Kaka mkubwa anayeambiwa ukweli faraghani na mdogo wake huwa analainika, anachokasirikia ni kuona mtu kakaa kimya halafu siku ya siku hajatoa kitu. Wifi usimjibu. Najua umeumia, na umeniuliza kama mumpelekee mama sale, lile jani la kuombea msamaha Uchagani, aitishe msamaha, mi nasema sale lina uzito wake, ni la mambo yaliyopasua ukoo, hili halijafika huko. Mumeo amalize na kaka yake, na kaka ndo atasema na dada yake.

Sasa tuje kwa mama, na hapa ndo nimekaa nikawaza sana, kwa sababu naona wote mnaongelea vyumba na yeye anaongelea kitu kingine. Mama huyu kakaa mwaka mzima akisubiri Desemba. Mzee wake kazikwa hapo hapo chini ya migomba. Watoto wanakata kona Himo, wanapandisha, halafu wanapita njia panda ya kwake wanaenda kulala kwa mtu baki, na majirani wanaona magari yanapita! Akisema anabaki na ng'ombe wake maana yake hamjamuuliza. Amepewa taarifa tu. Na kiukweli ng'ombe wa ndani lazima abaki na mtu, majani hayajikati na maziwa hayajikamui, sijui nani kwenye lile grupu alilifikiria hilo. Halafu huko juu ni mita 1,800 na zaidi, usiku baridi ya msituni sio ya kumpeleka mtu mwenye miguu inayomuuma kama ulivyoniambia.

Kwa hiyo mi siikatai loji, jamani watu wamechoka kulala koridoni na wewe umechoka zaidi yao. Wakalale huko. Lakini sikukuu iliwe kihambani, yani tarehe 25 wakitoka ibadani wote wanateremka kwa mama, mbuzi anachinjwa pale, wanaume ndo wachinje na kuchoma kama ilivyo siku zote, na machalari, zile ndizi za kupika na nyama, mwaka huu wapike mawifi, wewe umenye ndizi tu ukiwa umekaa. Hilo nalo shemeji mkubwa aambiwe kwenye simu ile ile, kwa sababu asipolisema yeye utajikuta unapika kihambani asubuhi na jioni unaitwa loji kupika tena. Siku zingine wanazolala juu wajipikie au wamlipe mpishi wa huko huko.

Kitu kingine, nyie ndo mko karibu kwa io mumeo aende kuiona hiyo nyumba kabla mtu hajatuma advansi. Picha za mtandaoni sio nyumba. Afungue bomba aone maji, ahesabu vitanda mwenyewe, aulize umeme ukikatika inakuwaje, kama wanaruhusu kupika, na barabara ikoje, mana vuli ikiwa bado inanyesha gari ndogo ya Dar itakwama kwenye tope na mtaamshwa nyie kuja kusukuma. Apewe na risiti yenye jina la mwenye nyumba.

Na kabla ya yote hayo shemeji mkubwa ampigie mama, sio meseji, amuulize mama tunaomba Krismasi tule kwako, na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, utatusimamia? Mbege haipikwi siku moja, ndizi mbivu zinachemshwa na kukaa siku kadhaa ndo uje mso, yani uji wa ulezi, kwa hiyo anatakiwa ajue mapema na anunue ulezi mapema. Hela ya ulezi na ya mbuzi itangulie kabla ya advansi ya loji, na iingie kwenye simu ya mama mwenyewe, isipitie kwako.