Nafaka (matunzo) ya watoto baba anapokuwa na uwezo mkubwa: inahesabiwaje?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nimeachika miaka miwili sasa, naishi Uyole na watoto wawili, wa miaka 6 na 9. Baba yao ana mashamba ya miti Mafinga, parachichi Njombe na nyumba za kupangisha. Anatuma shilingi 100,000 kwa mwezi na kusema wapo wanaolea kwa elfu hamsini. Ndugu yangu aliyeko Uingereza ananiambia kwao ni asilimia ya kipato. Je, sheria yetu ina kiwango?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah. Dada yangu, asilimia haipo, na hicho kipimo cha elfu hamsini nacho hakipo. Surat At-Talaq, aya ya 7, inaamrisha mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa riziki atoe katika alichopewa. Mwenye shamba hapimwi kwa mzani wa kibarua anayempalilia.

Katika madhehebu ya Shafi, nafaka ya mke ina vipimo vya chakula cha siku: mudi (ujazo wa viganja viwili) mbili kwa tajiri, moja na nusu kwa wa kati, moja kwa fukara. Ya mtoto haina mudi, ni kifaya, yaani kinachomtosha. Hind bint Utba alipomshtakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe Abu Sufyan, aliruhusiwa achukue kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Hilo "kwa wema" ndilo linalobeba hesabu: kinachotosha kwa desturi ya watu wa hali ya baba huyo, mahali mtoto anapoishi.

Uingereza ni kweli hutumia asilimia: kwa mtoto mmoja, asilimia 12 ya pauni 800 za kwanza za kipato cha wiki na asilimia 9 ya kinachozidi, mwisho pauni 3,000, juu ya hapo mtu huenda mahakamani. Huo ni utaratibu wa nchi yao, usiupeleke kwa baba wa watoto kama hoja ya dini.

Anzeni na pato la mwaka mzima, maana parachichi zina msimu wake na miti husubiriwa miaka. Tuseme mauzo na kodi za nyumba ni milioni 96, vibarua, mbolea, usafiri na kodi ya serikali milioni 36. Zinabaki 60, sawa na milioni 5 kwa mwezi. Hapa ndipo watu wengi hukosea: baba hupunguza pia katika hesabu kiwanja alichonunua, gari jipya na miche ya shamba la pili, kisha anasema hana kitu. Hizo si gharama, ni mali aliyojiongezea.

Kisha chukua daftari, andika mahitaji ya watoto kwa mwezi. Mfano: chakula 300,000, pango 250,000, ada 300,000 (milioni 3.6 kwa mwaka), usafiri wa shule 80,000, mavazi 50,000, matibabu 40,000, msaidizi wa nyumbani 100,000. Jumla 1,120,000, ambayo pato la milioni 5 kwa mwezi linaibeba. Mavazi msiyapuuze: Juni Uyole ina baridi, na mtoto mwenye sweta la mwaka juzi, mikono imeishia kwenye viwiko, hajatoshelezwa hata kama amekula. Ada baba anaweza kulipa shuleni moja kwa moja, na gunia la mchele likiletwa lihesabiwe kwa bei ya sokoni.

Ana watoto wengine kwa mke wa sasa? Watazamwe wanavyoishi, maana Mtume (s.a.w.) ameamrisha uadilifu baina ya watoto. Lakini nawe usidai nusu ya mashamba. Utajiri wake unapandisha kiwango cha matunzo, haumfanyi mtoto mbia. Kinachozidi kifaya ni hiari yake.

Ada hiyo asiilipe kwa zaka. Zaka haitolewi kwa mtu ambaye nafaka yake ni wajibu wako, akifanya hivyo bado anadaiwa zaka. Ukiolewa tena, nafaka ya watoto inabaki juu yake. Kama watoto wana mali yao wenyewe, ya urithi kwa mfano, hutunzwa kutoka humo kwanza.

Jambo la kuharakisha ni maandishi. Kwa Shafi, nafaka ya mtoto iliyopita haiwi deni isipokuwa kadhi ameipanga au ameruhusu ikopwe. Ya miezi iliyokwisha huenda usiipate. Anza kwa masheikh wa BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) hapo Mbeya, mkubaliane na kutia saini mbele ya mashahidi. Kadhi wa Tanzania Bara hana nguvu ya dola ya kumlazimisha, hivyo akigoma nenda kwa afisa ustawi wa jamii na Mahakama ya Watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaielekeza mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali hapo. Kwa hiyo huko utaulizwa na kipato chako, ingawa kifikihi (kwa sheria ya dini) hakimwondolei baba wajibu. Beba daftari, risiti za ada na ujumbe wa simu wa kila fedha aliyotuma.

Wallahu a'lam.