Kabla hujaketi mkekani: kikundi cha wanaoacha unga Malindi

Malindi, pwani ya Kenya, ina kliniki ya methadoni tangu 2015, dawa wanayopewa wanaoacha unga (heroini), na mfanyakazi mpya wa ustawi wa jamii akikabidhiwa kikundi pale huanza kwa kuandaa mada. Mada isubiri. Kikundi hutengemaa au huharibika kabla ya kikao cha kwanza, kwa saa uliyopanga na watu uliowaalika.

Tuanze na saa. Methadoni hunywewa kila siku kliniki, kwenye dirisha la dawa, mhudumu akitazama. Ambaye hajanywa ana arosto: kamasi, miayo, viungo vinamuuma, hasikii la mtu. Dawa nayo hufika kileleni baada ya saa 2 hadi 4, na wengine husinzia. Kwa hiyo anza nusu saa hivi baada ya dozi, na umalize ndani ya dakika 60. Wavuvi na vijana wa bodaboda hawana asubuhi nzima ya kukupa.

Halafu watu. Zungumza na kila mmoja faraghani, dakika 20 hivi. Muulize anataka nini kibadilike, na ni nani hawezi kukaa naye. Swali hili la pili usilipite haraka. Mji wenyewe ni mdogo, na aliyekuwa akimuuzia mwenzake kete anaweza kujikuta amekaa naye bega kwa bega. Alika 12 upate 8. Wakiwa chini ya 5, mmoja akinyamaza kikao kimezama. Wakizidi 10, watasema watatu na waliobaki watasikiliza tu. Wanawake wapewe kikundi chao, hata wakiwa 4. Mbele ya wanaume wanaowajua waume na kaka zao hawatasema linalowasibu, na wao ndio wanaobeba aibu kubwa zaidi mtaani.

Kuhusu siri, usiahidi usiloliweza. Sema mapema kwamba anayetaka kujiua, au habari ya mtoto anayeumizwa, haitaishia chumbani. Masharti mengine wayatunge wenyewe, yaandikwe kwa maneno yao. Wakisahau, wakumbushe hili: tukikutana sokoni, nawe uko na mama mkwe, tusalimiane vipi?

Kikaoni, ukiuliza “mnaendeleaje?” utajibiwa “alhamdulillahi” mkeka mzima, na hapo umekwama. Uliza hivi: “Tangu jana mchana, saa ipi ilikuwa ngumu zaidi?” Mmoja atasema magharibi, akirudi nyumbani, kwa kuwa njia yake inapita maskani, kijiwe cha watumiaji unga. Hapa wengi wetu hukimbilia kutoa nasaha. Funga mdomo. Wageukie wengine: “Nani mwingine hupita njia hiyo?” Kisha ngoja, hesabu kimoyomoyo hadi 10. Atakayejibu anaijua ile kona kuliko wewe, na neno lake litafika.

Anayesinzia usimtanie wala usimwache alale. Tazama anavyopumua, umwite jina. Akiwa hajibu sawasawa, au anapumua polepole, mwite muuguzi mara moja. Methadoni ikichanganywa na bugizi (vidonge vya usingizi) au pombe inaweza kuzima pumzi.

Aliyekosa dozi siku 3 mfululizo asiambiwe “nenda dirishani ukanywe.” Mwili wake umeanza kuisahau dawa, na kipimo cha zamani kinaweza kumuua, aonwe kwanza na daktari au afisa wa kliniki. Kwa hiyo daftari la dirishani lipitie kila siku. Jina likikosekana siku ya pili, piga simu siku hiyohiyo.