Mvua ni ya Mungu, bomba ni la nani?

SWALI: Bwana Mhariri, jambo sana. Tunakaa Kadutu, hapa Bukavu, kwenye mteremko. Mwaka jana jirani wetu wa juu alimaliza nyumba ya etaje nne, na tangu hapo kila mvua kubwa inaponyesha, bomba lake hutapika maji kwenye njia yetu, na udongo ulio chini ya ngazi zetu unazidi kuliwa. Yeye hujibu kwamba mvua ni ya Mungu. Je, urefu wa nyumba ndio unaoongeza maji? Na tumwombe afanye nini?

JIBU: Mama, mvua ni ya Mungu kweli, lakini bomba ni la jirani. Etaje zenyewe haziongezi maji mengi: ukiacha yale ambayo upepo huyapiga kwenye kuta, kinachohesabiwa ni ukubwa wa dali la juu, yaani paa la zege, kwa kuwa kila milimita moja ya mvua huacha lita moja juu ya kila meta mraba. Dali la meta mraba 200 likipata mvua ya milimita 30 hutoa lita 6,000, yaani bidoni 300 za lita 20. Zamani udongo na migomba ya parsele ile ilikunywa sehemu yake. Leo yote hushuka kwa bomba moja, kwa dakika chache, hadi mlangoni pako.

Mwombeni ajenge sisterni, yaani tangi la kukinga maji ya mvua, ila msiishie hapo, kwani watu wengi hukosea papo hapo. Sisterni iliyojaa tangu mvua ya jana haizuii hata tone la mvua ya leo. Sehemu ya chini na ibaki na maji ya kufulia na ya choo. Katikati ya ukuta patobolewe tundu dogo, la sentimeta 2 hivi, ili sehemu ya juu ijae wakati wa mvua kisha ijimwage polepole kwa masaa matatu au manne. Ili kuzishika lita zile 6,000, sehemu hiyo ya juu peke yake iwe na meta za ujazo 6. Asiipandishe juu ya dali bila kumuuliza injinia, maana kila meta ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja.

Mtu akimshauri achimbe shimo la kunywesha maji ardhini, mkatae. Goma mawe ya volkano huyapitisha maji vizuri, lakini udongo wetu wa mfinyanzi ukilowa kwenye mteremko huwa mzito na kuteleza, nao mnaokaa chini ni ninyi. Maji yanayotoka kwenye tundu yafuate bomba lililofungwa mpaka kwenye kanivo (mfereji) ya mawe, na kanivo hiyo iondolewe chupa na mifuko kabla ya mvua za Septemba.

Siku mvua itakapopiga, mwalikeni jirani asimame kwenye ngazi zenu. Kutoka etaje ya nne, mdomo wa bomba lake hauonekani.