Hesabuni mikono kwanza, wadogo zangu

Nimefungua projekti tatu za vijana wanaoanza kutunga dramu kwa kompyuta. Zote hai-hati (zile sahani mbili zinazogongana) iko velositi 127, yaani nguvu ya pigo ya juu kabisa, kuanzia baa ya kwanza hadi ya mwisho. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana nami nimepita humo humo.

1. Velositi. Sneya (ile ngoma yenye mlio mkali) ya pigo la pili na la nne ikae kwenye 110 hivi. Zile za kunong'ona katikati, 25 hadi 40. Na kile kitufe cha kubahatisha namba kiacheni! Mkono haubahatishi, una mazoea: hai-hati ya kwenye pigo huwa nzito, inayofuata nyepesi.

2. Mikono. Niliwahi kutunga roli ya tomu, mapigo ya haraka mfululizo kwenye ngoma za mlio mzito, niliyojivunia mno. Tomu zinashuka, hai-hati inachapa chini yake bila kupumua, kisha krashi (ile sahani kubwa) na sneya zinadondoka pamoja, na hai-hati bado ipo. Mwimbaji akapenda, akamleta mpiga dramu airekodi upya. Jamaa akasikiliza mara mbili, akavua hedifoni, akaniuliza kwa upole, "Kaka, yule mwenzangu anafika saa ngapi?" Sikuelewa. Akaweka kijiti kimoja kwenye sneya, kingine kwenye krashi, halafu akainamisha kichwa kugonga hai-hati kwa paji la uso. Studio nzima ikalipuka. Nilicheka nao, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto. Usiku nikafungua kazi zangu za zamani moja moja: noti 38, 49 na 42, yaani sneya, krashi na hai-hati, zimepangana mstari mmoja, wimbo baada ya wimbo. Mwaka mzima nilikuwa nimemwajiri mtu wa mikono mitatu! Nyingine zilishatoka, hazirudishiki.

Basi roli ikianza, futeni hai-hati. Mkiona pamebaki tupu, iwekeni ya mguu, noti 44. Mguu wa kushoto upo, haulipwi zaidi.

3. Gridi, ile mistari ya muda kwenye skrini. Kwenye tempo ya 120, noti ya kumi na sita ina milisekunde 125. Vuteni sneya nyuma ichelewe milisekunde 5 hadi 10, kiki (ngoma kubwa ya mguu) iacheni palepale. Mkivuta kila kitu hamjavuta kitu.

4. Hai-hati ya wazi ikatwe na ya kufungwa. Ziwekeni kundi moja, ya kufungwa ikilia ya wazi inyamaze, basi.

5. Sneya za roli zisitoke kwenye sampuli moja, zitalia kama bunduki.

Yule mpiga dramu tunafanya kazi hadi leo. Nikimtumia demo, kabla hajasema nzuri au mbaya, hujibu neno moja: "Wangapi?"