Nimeokota shanga pale Namoratunga, nifanyeje?

SWALI: Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka Lodwar kwenda Kalokol, dereva akasimama kwa yale mawe yamesimama wima kando ya barabara, akasema ni watu walikuwa wanacheza ngoma wakageuzwa mawe. Nikaokota kashanga ka ganda la yai la mbuni. Sasa mama mkwe amekaona anataka nikarudishe. Kwani kashanga kamoja tu kana shida gani? – Msomaji wa Kitale

JIBU: Dada, mama mkwe ako sawa, msikilize. Namoratunga ndio hiyo, yaani watu wa mawe, nguzo 19 za besalti, na zilisimamishwa kama miaka 5,000 iliyopita na wafugaji wa kwanza wa huko, wakati mvua zilipungua na Ziwa Turkana likawa linarudi nyuma.

Nguzo za aina hiyo ziko sehemu kadhaa kuzunguka ziwa na ni alama za makaburi. Iliyochimbwa zaidi iko Lothagam, jukwaa la mawe lenye upana wa kama mita 30, na chini yake kuna shimo wamezikwa watu si chini ya 580, wazee kwa watoto wachanga, wanaume kwa wanawake, wote pamoja na karibu kila mtu na mapambo yake, hakuna anayeonekana alikuwa bwana wa wengine. Mmoja alikuwa na pambo la kichwa lenye meno 405 ya panya wa jangwani. Hebu fikiria mtu amekaa chini anakusanya hayo meno moja moja kwa ajili ya marehemu wake! Mimi hilo linanigusa kuliko hata nguzo zenyewe.

Sasa kama kila mpita njia angeokota jino moja tu, nani angejua lilikuwa pambo? Hata umri, miaka ya 1970 watafiti walisema nguzo hizo za Namoratunga ni za mwaka 300 hivi kabla ya Kristo, vitu vilivyochimbwa ardhini ndivyo vilikuja kuonyesha wamekosea kwa zaidi ya miaka 2,000.

Na kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, vitu vya kale si vya kubeba nyumbani. Lakini usiende kuitupa tu pale. Ifunge kwa karatasi, andika siku uliyoiokota na ilikuwa upande gani wa nguzo, afu uipeleke makumbusho hapo hapo Kitale uwaeleze ukweli. Na tafadhali usiioshe, hata kama ina mchanga.