Diski Ina Nafasi, Mbona Seva Inakataa Kuandika?

SWALI: Mhariri, salaam. Nasimamia seva ya Debian ya chuo, na /home iko kwenye mfumo wa faili wa ext4. Kila mtumiaji nimemwekea kikomo laini cha GB 2 na kigumu cha GB 2.5, pamoja na faili 20,000 hadi 22,000. Mwalimu mmoja barua pepe zake haziingii, na akihifadhi chochote anaambiwa "Disk quota exceeded". Nikipima saraka yake kwa `du` napata GB 1.1 tu, na `df` inaonyesha nusu ya diski iko wazi. Tatizo liko wapi?
*Msimamizi wa seva, Morogoro*

JIBU: `df` haitakusaidia hapa. Diski yenyewe ingejaa, ujumbe ungekuwa "No space left on device". Huo ulioupata unasema mgao wa mwalimu ndio ulioisha.

Ingia kama root (msimamizi mkuu wa seva), toa amri `repquota -s /home`, kisha tafuta mstari wake. Mbele ya jina kuna alama mbili: ya kwanza ni ya nafasi, ya pili ni ya idadi ya faili. Ukiona `-+`, nafasi anayo ila faili zimezidi. Hilo ndilo tunalolishuku kwanza, kwa sababu kama barua zinahifadhiwa kwa mtindo wa Maildir, kila barua ni faili moja. Barua ndogondogo 22,000 zinamaliza hesabu kabla hata GB 1 haijatimia. Hakikisha kwa `find /home -xdev -user mwalimu | wc -l`, ukiweka jina lake halisi la kuingilia.

Ukiona `+-`, basi ni nafasi, na `du` imekupotosha. `du` hupima saraka uliyoitaja. Kwota, yaani mgao wa kila mtumiaji, humhesabia mtu kila faili yenye jina lake kama mwenyewe, popote ilipo ndani ya mfumo huo wa faili, hata kwenye saraka ya pamoja ya idara. Amri ya `find /home -xdev -user mwalimu -size +50M -ls` itazifichua zile kubwa. Pia faili iliyofutwa huku programu bado imeishikilia huendelea kuhesabiwa. Amri ya `lsof +L1` inaionyesha, na nafasi hurudi programu ikifungwa.

Angalia na safu ya muda (`grace`) kwenye `repquota`. Mtu akivuka kikomo laini hupewa siku 7, usipobadilisha. Zikiisha, safu husomeka `none`, na kikomo laini hugeuka kigumu: haandiki kitu hadi ashuke chini yake. Ndiyo maana mtu anaweza kukwama hali hajafika GB 2.5.

Kumwongezea:

`setquota -u mwalimu 3145728 3670016 40000 45000 /home`

Namba mbili za mwanzo ni nafasi, laini kisha kigumu, kwa vipande vya baiti 1,024. Hapo ni GB 3 na 3.5. Wengi huandika 3000 wakidhani ni MB, na mtumiaji anabaki na MB 3 tu. Sifuri nayo maana yake ni hakuna kikomo kabisa. Ukimaliza, jaribu kuandika faili kwa akaunti ya mwalimu mwenyewe. Root hafungwi na kwota, kwa hiyo jaribio lake halithibitishi kitu.

Kama umeme ulikatika ghafla na hesabu hailingani na hali halisi, na unatumia faili ya `aquota.user`, zuia watu wasiandike kwa muda, kisha `quotaoff /home`, `quotacheck -ugm /home`, `quotaon /home`. Ukihesabu huku watu wanaandika, utapata namba zisizo sahihi tena.

SWALI: Nimeongeza `usrquota` kwenye /etc/fstab ya Rocky Linux na kumaunti (kuunganisha mfumo wa faili) upya kwa `remount`, lakini kwota haiwaki. Mfumo wa faili ni XFS.
*Msomaji, Kisumu*

JIBU: XFS huwasha kwota wakati wa kumaunti mara ya kwanza tu, `remount` haitoshi. Toa /home kabisa kwa `umount`, kisha imaunti tena. Wala `quotacheck` huihitaji. Kama /home iko ndani ya mzizi `/`, fstab haitafaa kitu. Kerneli yenyewe iambiwe inapowaka:

`grubby --update-kernel=ALL --args="rootflags=uquota"`

Washa seva upya, kisha `xfs_quota -x -c state /` (au `/home` ikiwa imejitenga). Kwenye sehemu ya watumiaji, "Accounting" na "Enforcement" zote zisomeke ON. Ya kwanza ikiwa ON na ya pili OFF, seva inahesabu bila kumzuia mtu. Kagua kama kuna aliyeandika `uqnoenforce`.